Bi Cheche na Viwanja Kumi na Saba vya Hasira

Wasikilizaji wapendwa, kama unaosha vyombo, endelea, lakini punguza maji kidogo unisikie. Kama uko njiani, tembea nami polepole. Leo tunamkumbuka mtu ambaye huenda hukuwahi kumwona, lakini mwanao amewahi kukalia kazi ya mikono yake.

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, mji wetu ulimpoteza fundi wa kuchomelea vyuma. Mwanamke, umri miaka sitini na tisa. Mapafu yake yalikuwa yamechoka na moshi wa karakana, na siku hiyo yakagoma kabisa. Amezikwa Alhamisi. Ameacha mtoto wa kiume, mtoto wa kike, wajukuu wanne, na viwanja kumi na saba vya kuchezea watoto.

Kumi na saba. Alivibuni mwenyewe, akavichomelea mwenyewe.

Watu walimwita Bi Cheche. Wengine hudhani ni kwa sababu ya cheche za moto wa kuchomelea. Mtoto wake wa kiume, ambaye ndiye ameirithi karakana, ametucheka tulipomwambia hivyo. "Cheche zilitoka mdomoni kwanza," amesema. "Za mashine zilikuja baadaye."

Na kabla hatujaenda mbali, wasikilizaji, familia imetupa sharti moja. Wamesema tusimulie kila kitu, tusifiche. Ila tusithubutu kusema kwamba mama yao alikuwa na moyo laini, wala kwamba mwishowe alisamehe. Hakusamehe. Viwanja vile havikujengwa kwa upole. Vilijengwa kwa hasira, kimoja baada ya kingine, kumlenga mtu mmoja.

Basi tuanze mwanzo.

Bi Cheche alijifunza kazi kwa mjomba wake. Akiwa na miaka kumi na sita alikuwa akimpelekea mjomba chai karakanani, na kila siku alikawia kurudi nyumbani. Siku moja mjomba akamkuta amevaa kinyago cha kuchomelea, kimemfunika mpaka kidevuni, anaunganisha mguu wa kitanda uliovunjika.

"Nani kakufundisha?" mjomba akauliza.

"Wewe. Hukujua tu."

Mjomba akaupiga teke mguu wa kitanda. Haukutikisika. Akaupiga tena. Akachuchumaa kuutazama, akasema, "Chai ataleta mtu mwingine kuanzia kesho."

Akawa fundi. Alitengeneza vitanda, madirisha, mageti. Akaolewa na fundi cherehani, mwanamume mpole ambaye majirani walisema anashona hata maneno yake kabla hajayatoa. Wakapata mtoto wa kiume. Miaka sita baadaye wakapata wa kike. Huyu wa kike alizaliwa na kelele zake. Alipiga meza, alipiga sufuria, alipiga mgongo wa baba yake akiwa amelala. Baba akampa jina la utani: Chapuo, ile ngoma ndogo yenye sauti kali.

Waliishi ghorofa ya pili, katika mojawapo ya majengo manne yaliyotazamana. Katikati ya majengo hayo palikuwa na uwanja. Haukuwa na kitu cha maana. Udongo, jiwe moja kubwa, na kamba za kuanikia nguo. Lakini watoto wa majengo yote manne walishinda hapo kutwa, na mama akitaka kumwita mwanawe alitoa kichwa dirishani tu.

Sasa, wasikilizaji, anaingia mtu wa pili katika hadithi hii. Alikuwa mkuu wa ofisi ya mipango ya mji. Hatutamtaja jina. Yu hai, ni mzee, ana watoto na wajukuu. Watu walimwita Bwana Mipango, kwa sababu kila alipoombwa kitu alijibu, "Mipango si matumizi," akafunga faili.

Mwaka ule Bi Cheche alipata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Karani wa ofisi ya mipango alikuja karakanani akaagiza uzio wa nondo na geti la milango miwili. "Wa nini?" akauliza fundi. "Wa eneo la ofisi," akajibiwa. Akafanya kazi wiki tatu. Akaifanya vizuri mno. Nondo zilikaribiana hata paka asingepita. Bawaba zake hazikulia. Komeo lilifunga kwa mlio mmoja tu, tak.

Siku ya kufunga uzio ule, vyuma vikapakiwa kwenye lori, naye akapanda mbele na dereva. Lori likakata kona ya kwanza, likakata ya pili. Likaingia mtaani kwake. Likasimama chini ya dirisha lake mwenyewe.

Uwanja ulikuwa unageuzwa maegesho ya magari.

Bwana Mipango alikuwepo, ameshika karatasi. Bi Cheche alimwendea akiwa na glavu zake mikononi.

"Mkuu, hapa wanacheza watoto."

"Walikuwa wanacheza."

"Sasa watacheza wapi?"

Bwana Mipango hakumtazama usoni. Alitazama karatasi yake. Akasema maneno haya, na tunaomba uyashike, msikilizaji, maana ndiyo yaliyozaa yote yaliyofuata. Alisema, "Watoto wanacheza popote, mama. Wewe shughulika na bawaba zako."

Popote. Watoto wanacheza popote.

Bi Cheche angeweza kukataa. Mwenyewe alilisema hilo maisha yake yote. Angeweza kuwaambia, pakieni vyuma vyenu mwende. Lakini kazi alikwisha ikubali, wasaidizi walikuwa wanasubiri, na watu wa ofisi walikuwa wanamtazama. Akavaa kinyago. Akafunga geti. Watoto walisimama pembeni wanatazama, na Chapuo, aliyekuwa na miaka minane, alijigamba kwa wenzake, "Huyo ni mama yangu. Hilo geti kalitengeneza yeye."

Siku kumi na tisa baadaye, Chapuo na wenzake walikuwa wanacheza barabarani, nyuma ya majengo. Kuruka kamba. Lori la mchanga lilikuwa linarudi kinyumenyume. Dereva hakuona. Wenzake Chapuo waliruka. Yeye aliruka pia, lakini kamba ilimnasa.

Aliishi. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

Wasikilizaji wapendwa, kuna mambo mtu huyavumilia kwa sababu hana wa kumlaumu. Bi Cheche alikuwa tayari kujilaumu. Alijilaumu kweli. Alikaa kando ya kitanda cha hospitali akitazama mikono yake, mumewe akimlisha uji kwa kijiko kama mtoto. Labda angebaki hivyo. Labda huzuni ingemmaliza, na leo tusingekuwa na kipindi.

Lakini mwezi wa pili baada ya ajali ililetwa karatasi. Taarifa ya ajali, kutoka ofisi ya mipango, na sahihi ya Bwana Mipango chini yake. Ilikuwa kurasa mbili. Haikutaja uzio. Haikutaja maegesho. Mstari wa mwisho ulisema hivi: chanzo cha ajali ni uzembe wa mzazi.

Uzembe wa mzazi.

Mtoto wake wa kiume alikuwa na miaka kumi na minne. Anakumbuka. "Mama aliisoma amesimama. Akaisoma tena. Halafu akacheka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na sitaki kukisikia tena. Akamwambia baba, 'Amesema watoto wanacheza popote. Sawa. Basi popote atakapokuwa yeye, watoto watacheza.'"

Mumewe akamkumbusha kwamba hasira hasara.

"Hasara kwa nani?" akauliza Bi Cheche.

Akaanza na chumba cha ramani. Alikwenda huko kila asubuhi kwa wiki nzima, na viatu vyake vya karakana. Mchoraji wa ramani alikuwa mama mmoja mwenye miwani minene, amekaa peke yake kati ya makabati, hakuna anayemtembelea. Walielewana siku ya kwanza. Mchoraji akamfunulia ramani ya mji mzima. Vipande vya ardhi vilivyopakwa kijani vilikuwa maeneo ya wazi. Mali ya wakazi. Na palikuwa na kanuni ya zamani, ambayo watu walikwisha isahau: kikundi cha wakazi kikitaka kuboresha eneo la wazi, kiandike barua ofisi ya mipango. Wasipojibiwa ndani ya siku ishirini na moja, wanaruhusiwa kuanza.

"Na barua za wakazi anajibu nani?" Bi Cheche akauliza.

Mchoraji akavua miwani, akaifuta. "Bwana Mipango. Lakini hajibu. Zipo kwenye boksi nyuma ya mlango wake. Boksi la tatu hilo. Mengine mawili yamejaa."

Hapo ndipo Bi Cheche alipocheka kicheko cha pili, nacho, mchoraji anatuambia, kilikuwa kizuri.

Kipande cha kwanza cha kijani alichochagua kilikuwa na pembe tatu. Kilikuwa kimejaa viti vibovu vya serikali na majani. Kilikuwa chini ya dirisha la ofisi ya Bwana Mipango. Barua ikaandikwa, wakazi arobaini wakatia sahihi, ikapelekwa mapokezi, nakala ikagongwa mhuri. Siku ishirini na moja zikapita. Kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Bi Cheche aliamua mshindo huo autengeneze mwenyewe.

Sasa msikilizaji, usidhani kwamba alijenga ovyo ovyo ili kumkera mtu. Hapana. Hapo ndipo palipokuwa na ufundi wake. Alijua kiwanja kibovu kingefungwa kesho yake. Alitaka kiwe kizuri kiasi kwamba anayekifunga aonekane mchawi.

Alianza kwa kutazama watoto. Alikaa kwenye ngazi za majengo na kijitabu, anaandika. Watoto hawapendi kitu cha kutumia kwa namna moja. Watoto wanapanda mtelezo kwa upande wa kuteleza. Wadogo wanataka kuwa karibu na wakubwa, lakini si chini ya miguu yao. Mama mwenye mtoto mgongoni anahitaji mahali pa kuegemea. Bibi akikosa kivuli, mjukuu ataondoka baada ya dakika kumi. Haya yote yapo kwenye vijitabu vyake, mwanawe ametuonyesha. Urefu wa kila ngazi aliupima kwa goti la mtoto wa miaka mitatu.

Na alimtumia Chapuo. Chapuo alikuwa na mikongojo wakati huo. Chochote ambacho Chapuo hakuweza kukifikia, mama alikikata akaanza upya. Ndiyo maana viwanja vyake vyote vina njia ya mteremko badala ya ngazi tupu. Ndiyo maana bembea zake zina mgongo na mkanda. Mtelezo wake ni mpana, mzazi na mtoto wanashuka bega kwa bega.

Vyuma vilitoka majumbani. Watu walileta vitanda vibovu, baiskeli zilizokufa, mabomba ya maji yaliyotolewa. Kila kona alipiga tupa, kisha msasa, kisha akavua kinyago na kuburuza shavu lake juu ya chuma. Shavu lake mwenyewe. Likikwaruzika, anarudia. Majirani walimkuta mara nyingi amelalia bomba kama mto.

Na mwisho, chini kabisa ya dirisha la Bwana Mipango, akasimamisha mabomba ishirini na manne ya urefu mbalimbali, na nyundo za mpira zimefungwa kwa mnyororo. Ukipiga bomba fupi, linalia juu. Ukipiga refu, linanguruma. Pembeni akaweka mapipa manne ya kupiga kama ngoma.

Kiwanja kilifunguliwa Jumatatu, shule zikiwa zimefungwa, saa tatu asubuhi. Siku hiyo na saa hiyo, Bwana Mipango alikuwa na kikao na wageni wake. Bi Cheche alijua. Mchoraji wa ramani alikuwa amemwambia.

Walikuja watoto sitini.

Wanasema dirisha lilifungwa. Jua likapanda. Dirisha likafunguliwa. Likafungwa tena. Mwishowe Bwana Mipango akashuka mwenyewe, tai imelegea, anapiga kelele ili asikike juu ya mabomba.

"Nani kawaruhusu?"

"Wewe," akasema Bi Cheche.

"Mimi?"

Akampa nakala ya barua. Mhuri ulikuwa pale, na tarehe. "Siku ishirini na moja ulikaa kimya, mkuu. Kimya chako ndicho ruhusa yetu. Barua ipo kwenye boksi la tatu, nyuma ya mlango wako. Kaangalie."

Bwana Mipango akatazama karatasi. Akatazama watoto. Kina mama wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Kelele hizi haziwezekani," akasema. "Hawana mahali pengine pa kuchezea?"

Bi Cheche alikuwa amelisubiri swali hilo mwaka mzima. "Watoto wanacheza popote, baba. Wewe shughulika na mafaili yako."

Hicho kilikuwa kiwanja cha kwanza, wasikilizaji. Cha kwanza kati ya kumi na saba.

Bwana Mipango alihamisha ofisi yake upande wa pili wa jengo. Upande huo nao ulikuwa na kijani. Kikaja kiwanja cha pili, chenye wavu wa kupanda na pampu ya maji ambayo watoto hupiga kelele kila inapowalowesha. Akapandishwa cheo, akaenda jengo jipya. Kiwanja cha tatu. Alikuwa na kantini anayopenda kunywa chai akisoma gazeti. Kiwanja cha tano kipo hapo, unaweza kukiona, kile chenye nyumba ya vyuma yenye honi kumi na mbili za baiskeli. Kila mara barua ilitangulia. Akaanza kujibu barua, akakataza viwanja. Lakini ukikataza lazima utoe sababu, na sababu lazima isomwe mbele ya wakazi. Alisimama mbele ya wakazi mara mbili kueleza kwa nini watoto wasicheze. Hakusimama mara ya tatu.

Mji ukabadilika, jamani. Tuseme ukweli. Wazazi waliokuwa wanafungia watoto ndani sasa walitoka nao jioni. Wazee walipata viti. Watu wa majengo jirani ambao hawakuwahi kusalimiana walikutana kwenye bembea, wakasukumiana watoto.

Lakini kisasi, wapendwa, kina njaa yake. Na tumeahidi kutoficha.

Kiwanja cha tisa kilijengwa mkabala na nyumba ya Bwana Mipango. Siku ya kukifungua, Bi Cheche alipanda juu ya benchi akahutubia. Alimnyoshea kidole Bwana Mipango aliyekuwa kwenye roshani yake. Kisha akamnyoshea kidole Chapuo, aliyekuwa na miaka ishirini, amesimama katikati ya umati. "Mtazameni mguu!" akasema. "Mtazameni alichokifanya yule!"

Watu mia mbili wakageuka kuutazama mguu wa Chapuo.

Chapuo aliondoka pale. Alirudi nyumbani, akafunga begi, akahamia mji mwingine alikokuwa anasomea ualimu. Mama alipomfuata stendi, yalitoka maneno machache. Chapuo mwenyewe ametueleza.

"Nilimwambia, mguu ni wangu, kisasi ni chako. Usivichanganye. Kila unapofungua kiwanja, mimi nakatwa upya."

Hawakuzungumza miaka miwili. Miaka miwili mizima. Katika muda huo Bi Cheche alijenga viwanja vitatu, na mwanawe wa kiume anasema ndivyo vibaya kuliko vyote. Vimenyooka, vimekamilika, lakini watoto hawakai. "Alikuwa hana wa kumjaribishia," anasema. "Wala hakuwa na wa kumwambia, mama, hapa umekosea."

Mwishowe Bi Cheche alisafiri. Alifika shule ambayo Chapuo alikuwa anafundisha hesabu, akakaa kwenye benchi nje ya darasa mpaka kipindi kikaisha. Chapuo akatoka na chaki mkononi.

"Sitautaja tena mguu wako," akasema mama. "Mbele ya mtu yeyote. Mpaka nife."

"Na kisasi?"

"Hicho ni changu. Siwezi kukudanganya."

Chapuo akakaa kando yake. Akaitia chaki mfukoni, akamwambia, "Kile kiwanja cha kumi na moja, mteremko ni mkali. Niliupita mwezi uliopita. Nenda kaukate."

Akaenda akaukata.

Miaka kumi na tisa baada ya ajali, mji wetu ukapata sifa. Wageni kutoka miji mingine walikuja kuona viwanja. Ikaandaliwa sherehe ya kutunuku mji unaojali watoto. Na nani, wasikilizaji, unadhani aliitwa kupokea tuzo? Bwana Mipango. Amevaa suti ya kijivu, ameshika hotuba ya kurasa nane kuhusu maono yake.

Bi Cheche alialikwa pia, kama mwakilishi wa mafundi. Siku moja kabla, alimpigia simu Chapuo. "Naomba ruhusa niitumie ile karatasi ya ajali."

Chapuo akamjibu, "Karatasi ile inakusema wewe, hainisemi mimi. Itumie."

Ukumbini alisubiri. Alimwacha Bwana Mipango asome kurasa zote nane. Alimwacha apigiwe makofi. Kisha akainuka kutoka safu ya tano, akapanda jukwaani taratibu, magoti yalishaanza kumsumbua, akaweka karatasi mbili zilizokunjika juu ya hotuba ile.

"Umesahau ukurasa," akasema. "Soma na huu."

Maikrofoni ilikuwa wazi. Ukumbi mzima ulisikia.

"Mama, hapa si mahali pake," akasema Bwana Mipango.

"Soma. Mstari wa mwisho tu. Nami nitakaa."

Akasoma. Alisoma kwa sauti ndogo, wakamwambia aongeze. Akasoma tena. Chanzo cha ajali ni uzembe wa mzazi.

"Mzazi huyo ni nani?"

"Ni wewe."

"Na uzio ule aliagiza nani?"

Watu waliokuwepo wanasema aliifinyanga ile karatasi mpaka ikalia kwenye maikrofoni. "Niliagiza mimi."

"Na taarifa hii ni ya kweli?"

"Hapana."

Bi Cheche hakumtaka aombe radhi. Mkumbuke hilo. Alimwambia tu, "Jumamosi saa mbili asubuhi, kwenye geti lile. Uje na nguo unazoweza kuzichafua."

Hakuja na nguo za kuchafua. Alikuja na suti, labda hakuwa na nguo nyingine, labda alidhani ni sherehe. Lakini alikuja. Maegesho yalikuwa yamefutwa Ijumaa kwa barua ya ofisi ya mipango, iliyokwisha aibika. Bi Cheche akampa miwani ya karakana na glavu. Akawasha grenda, mashine ya kukatia vyuma. "Shika hapo," akamwambia. "Nondo isitikisike. Usiachie mpaka niseme."

Akaishika. Nondo ya kwanza, ya pili, ya kumi. Zilikuwa mia moja na themanini na sita. Cheche ziliruka zikatoboa suruali ya kijivu. Wasaidizi walitaka kumpokea, Bi Cheche akawakatalia kwa kichwa. Saa nne mfululizo. Wakazi wa majengo manne walikuwa madirishani, na hakuna aliyepiga makofi. Walitazama tu. Bwana Mipango alilia wakati fulani, au ni jasho, hakuna aliyemwendea kuuliza.

Nondo ya mwisho ilipoanguka, akauliza, "Tumemaliza?"

Bi Cheche akazima mashine. "Geti tumelimaliza."

Uwanja ule ndio kiwanja cha kumi na saba. Vyuma vya geti vimo ndani yake, ndiyo ile milingoti ya bembea.

Aliishi miaka kumi na mitatu baada ya hapo. Hakujenga tena. Alitengeneza vitanda, akalea wajukuu, akamzika mumewe. Alipoanza kuumwa, Bwana Mipango alikuja nyumbani kwake mara tatu, na fimbo. Mara tatu alikataliwa. Chapuo ndiye aliyekuwa anafungua mlango. "Mwambie nimelala," mama alisema kwa sauti ambayo mgeni aliisikia vizuri. Mara ya tatu Chapuo alimwuliza mama, kwa nini usimwone, mtu mwenyewe kachoka, hata wewe umechoka. Bi Cheche akajibu, "Mimi nimechoka. Jambo lenyewe halijachoka."

Akafa hivyo.

Alhamisi, baada ya maziko, watu walikuwa wamekaa nyumbani kwa marehemu. Bwana Mipango akaja tena. Kaka mtu alisimama amzuie. Chapuo akasema, mwache. Akamvutia kiti. Akakaa mbele yake.

"Mama alikataa kukuona," akamwambia. "Mimi nakuona. Unanijua?"

"Wewe ni mtoto wa marehemu," akasema mzee.

"Jina langu nani?"

Mzee akamgeukia kaka mtu, kana kwamba angemsaidia. Miaka thelathini na miwili, wasikilizaji. Alikuwa amejua idadi ya nondo. Alikuwa hajui jina la mtoto.

Chapuo akamtajia. Jina lake kamili, la kwake, la baba na la babu. "Rudia," akamwambia. Mzee akarudia. "Tena." Akarudia. "Tena." Akarudia mara ya tatu, machozi yakimdondokea kwenye fimbo. Chapuo akainuka, akamfungulia mlango. "Sasa nenda nalo."

Tumemwomba Chapuo tulitaje jina hilo hapa redioni. Amekataa kwa upole. Anasema amekwisha mpa mtu aliyestahili kulibeba.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki tunatoa pole kwa kaka mtu, kwa Chapuo, kwa wajukuu wanne, kwa mafundi wa karakana, na kwa mama mchoraji wa ramani aliyefiwa na rafiki. Pole sana. Mungu awape nguvu.

Na wewe unayetusikiliza, hatukuambii usamehe, wala hatukuambii ulipe kisasi. Sisi ni nani? Ila leo jioni, kabla ya giza, toka nje ya mlango wako. Angalia watoto wa mtaa wako wanacheza wapi. Ukikuta wako barabarani, usiseme wazazi wao ni wazembe. Uliza aliyefunga uwanja wao ni nani. Uliza jina lake. Na uliza majina ya watoto pia.